Begi la Mpiga Mbizi Hupimwa Mchangani

Katika jengo la abiria la zamani la Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, ambako ndege ndogo za kwenda Mafia, Pemba na Unguja hupakia, kuna mizani inayowatoa jasho wapiga mbizi wengi kabla hawajaiona hata bahari. Mgeni ametua na ndege kubwa iliyomruhusu kilo 23. Begi lake ni zuri kweli: lina magurudumu, mpini wa kuvuta, na ganda gumu mgongoni la kukinga vifaa. Hapa kaunta anaelezwa mambo mawili ambayo hakuyafikiria dukani. Mwisho wa uzito ni kilo 15, na begi liwe laini.

Masharti hayo yana sababu. Ndege inayomsubiri nje mara nyingi ni Cessna Caravan ya injini moja, inayochukua abiria wapatao 12. Mizigo yao huingizwa kwenye sanduku refu lililofungwa chini ya tumbo la ndege, na milango ya sanduku hilo ni midogo. Begi la kitambaa hubonyezwa, likakubali umbo la nafasi iliyobaki, likapita. Begi lenye ganda gumu halina huruma hiyo. Kilo nazo zinaingia moja kwa moja kwenye hesabu ya rubani, ambaye lazima ajue ndege yake ina uzito gani na uzito huo umekaa wapi kabla ya kuruka. Mfanyakazi wa kaunta akikataa kilo 5 za ziada, anatetea hesabu hiyo.

Ndiyo maana ushauri wa kununua begi la kupigia mbizi unaotolewa katika maduka ya London au Dubai huwa na kasoro moja kubwa ukiletwa pwani ya Afrika Mashariki. Unaanzia uwanja wa ndege. Hutazama sakafu laini, lifti na mkanda wa mizigo, kisha unaishia hapo, wakati sehemu ngumu ya safari bado haijaanza. Anayekwenda kuzamia Utende, Matemwe au Diani angefanya vyema kuanzia upande wa pili: ajiulize mita 200 za mwisho kabla ya chombo zikoje, ni nani atakayebeba, na juu ya nini. Jibu la swali hilo ndilo litakalomchagulia begi.

Kwanza uzito wenyewe. Jaketi la kuelea la kawaida lina kilo 3 hadi 4, ingawa yale ya wasafiri, yaliyopunguzwa mifuko na bamba la mgongoni, hushuka mpaka karibu kilo 2. Regulata kamili ya kupumulia, pamoja na mdomo wa akiba, mipira yake na geji, ni kama kilo 2. Mapezi ya kufunga kwa mkanda yana kilo 2 hivi, na viatu vyake vya neoprini vinakaribia kilo moja. Suti ya milimita 3 ikiwa kavu ni kilo moja na nusu. Miwani, snorkeli, kompyuta ya kuzamia, tochi na boya dogo la kuonyesha mahali alipo mzamiaji hukamilisha kilo nyingine moja na nusu. Jumla ni kilo 11, na hakuna shati wala mswaki. Sasa begi la magurudumu lililotengenezwa kwa ajili ya kazi hii, likiwa tupu, huwa na kilo 4 hadi 5. Kilo 15 zimekwisha. Begi la kitambaa lenye ukubwa uleule, lisilo na magurudumu wala fremu, lina kilo moja au moja na nusu tu. Tofauti hiyo ya kilo 3 ndiyo nguo za wiki nzima katika nchi ya joto.

Mtungi na risasi za kuzamishia havimo kwenye hesabu hiyo, na visiwemo. Mtungi wa alumini uliozoeleka una kilo zipatazo 14 kabla haujajazwa hewa, na vituo vya kupigia mbizi kuanzia Nungwi hadi Watamu humpa mgeni mtungi na risasi kama sehemu ya bei ya mbizi. Suti nene pia yafaa iachwe nyumbani. Maji ya pwani hii hucheza kati ya nyuzi 25 hivi mwezi wa Agosti, wakati wa kusi, na karibu nyuzi 29 au zaidi kidogo kuelekea Machi. Suti ya milimita 3 inawatosha wengi, na asiyestahimili baridi achukue ya 5 kwa miezi ya katikati ya mwaka. Suti ya milimita 7 ambayo mzamiaji wa Uingereza huizoea kwao ingejaza nusu ya begi na kumchemsha mwenyewe juu ya mashua.

Magurudumu yana historia fupi kuliko watu wanavyodhani. Binadamu alifika mwezini mwaka 1969 akiwa bado anabeba sanduku lake kwa mkono. Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza ya sanduku lenye magurudumu mwaka 1972. Lilivutwa kwa ukanda, likiwa limelala kama lilivyo. Mwaka 1987 rubani Robert Plath wa shirika la Northwest Airlines alilisimamisha wima, akalitia magurudumu mawili na mpini mrefu wa kuchomoa. Chombo hicho kilibuniwa na rubani, kwa ajili ya marubani na wahudumu waliokuwa wakitembea kila siku kwenye sakafu za viwanja vya ndege. Katika sakafu hizo hakina mpinzani.

Mchanga ni habari nyingine. Mtu akifika Kilindoni, Mafia, husafirishwa kwa gari kiasi cha kilomita 15 hadi Utende, ambako hoteli na vituo vingi vya kuzamia vimekaa vikiitazama Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, hifadhi ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995. Hapo bahari ndiyo inayopanga ratiba. Wakati wa bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa katika pwani hii hukaribia mita 4, na chombo kilichokuwa kikielea mbele ya mlango wa hoteli asubuhi hukutwa mchana kimesogea mbali, maji yakiwa magotini au chini ya hapo. Watu hukifuata kwa miguu. Matemwe, Unguja, ambako mashua nyingi za kwenda kisiwa cha Mnemba hung'oa nanga, mambo ni yaleyale. Begi la magurudumu likivutwa kwenye mchanga mkavu hulima mtaro. Kwenye mchanga mbichi magurudumu hunasa. Kwenye maji halina njia ila kubebwa, na begi la namna hiyo mara nyingi halina mikanda ya mgongoni. Linabebwa basi kifuani au kichwani, na mara nyingi anayelibeba si mwenyewe bali kijana wa mashua, ambaye mgongo wake haukuulizwa wakati begi linanunuliwa.

Jambo hili la mwisho linastahili kusemwa wazi. Begi zito lisiloshikika ni mzigo ambao mgeni humkabidhi mtu mwingine. Mabaharia wa mashua za kuzamia hupandisha na kushusha mitungi tangu alfajiri. Mabegi ya wageni huongezeka juu ya kazi hiyo. Begi lenye vishikio imara pande zote mbili, ambalo watu wawili wanaweza kulishika kwa pamoja, huwasaidia wao zaidi ya linavyomsaidia mwenye nalo, na sababu hiyo pekee inatosha kulipendelea.

Kwa safari zinazoishia ufukweni, basi, begi la kitambaa lenye mikanda miwili ya mgongoni hushinda. Mikanda hiyo iwe mipana na yenye sponji, ishonwe kwa mshono wa msalaba, na iweze kufichwa au kufungwa pembeni ili isinase kwenye mashine za uwanja wa ndege. Ndilo begi linalomfaa pia Mkenya wa Nairobi anayeteremka Mombasa kwa treni ya SGR, iliyoanza safari zake mwaka 2017. Treni humshusha Miritini. Akiwa anakwenda Diani bila gari la kukodi, mbele yake kuna matatu, na pengine kivuko cha Likoni, ambacho abiria wa miguu huingia na kutoka kwa msongamano wa kukimbia. Vivyo hivyo kwa anayeshuka boti bandarini Malindi, Unguja, kati ya wachukuzi na mikokoteni yao. Mikono miwili iliyo huru ina faida kubwa mahali kama hapo.

Asiyepita mchangani hana haja ya kufuata ushauri huu. Waswahili waishio Muscat, ambao baadhi yao huzamia katika visiwa vya Daymaniyat, huondokea kwenye marina yenye gati, na gari huegeshwa hatua chache kutoka chomboni. Huko kreti la plastiki kwenye buti la gari linashinda begi lolote: haliozi, halinyonyi maji, linaoshwa kwa mpira, na suti iliyolowa hailowanishi viti. Walimu wa kuzamia wa Nungwi, ambao vifaa vyao havisafiri zaidi ya kutoka stoo hadi kwenye lori, hutumia makreti hayohayo. Kifaa kinachofanya kazi kila siku hakihitaji begi la kupendeza.

Sasa kitambaa. Karibu mabegi yote haya ni ya nailoni au poliesta. Nailoni iligunduliwa mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont na kundi la watafiti la Wallace Carothers, na ni ngumu kuchanika, lakini jua kali la muda mrefu huidhoofisha. Poliesta hustahimili jua vizuri zaidi. Kwenye lebo huandikwa kipimo cha denia, ambacho ni uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi uliotumika. Begi la denia 420 ni jepesi na litafaa ndani ya chombo. Denia 1,000 au zaidi ndiyo inayostahimili kuburutwa kwenye saruji ya bandari. Wauzaji hupenda kuitaja namba hiyo, ila mabegi machache hufa kwa kuchanika katikati ya kitambaa. Hufa kwenye mishono ya vishikio, kwenye pembe za chini, na zaidi ya yote kwenye zipu.

Zipu ndiyo moyo wa begi la baharini, kwa hiyo ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Meno ya chuma hayafai. Chumvi huyashika, yakaota kutu au ukoga, na siku moja hayafunguki kabisa. Meno makubwa ya plastiki ngumu, yenye upana wa milimita 8 au 10, hayaozi, na chembe ya mchanga ikiingia hupangusika. Kampuni ya Kijapani YKK, iliyoanzishwa na Tadao Yoshida mwaka 1934, hutengeneza zipu za aina hiyo, na jina lake kwenye kishikizo ni dalili njema ingawa huigizwa mno. Hata zipu ya plastiki huwa na kishikizo cha chuma kinachoteleza juu ya meno, na hicho ndicho kinachogandishwa na chumvi. Kuzuia ni rahisi: baada ya kuosha na kukausha, kipande cha mshumaa husuguliwa juu ya meno, kishikizo kikavutwa mbele na nyuma mara kadhaa. Mafuta ya kupikia au grisi yasikaribie hapo, kwa sababu hukusanya mchanga.

Kuhusu ukubwa, mapezi ndiyo yanayoamua. Mapezi ya kawaida ya kuzamia huwa na urefu wa sentimita 60 hadi 70, hivyo begi lenye urefu wa ndani chini ya hapo litayapinda, na pezi lililopindwa kwa siku mbili ndani ya joto halirudi sawasawa. Upande wa pili kuna kikomo cha mashirika mengi makubwa ya ndege: urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Begi la 80 kwa 40 kwa 38 linafika hapo barabara. Kwa ujazo, lita 90 hadi 100 zinatosha vifaa kamili na nguo chache. La lita 140 huonekana kama bei nafuu kwa nafasi nyingi, lakini nafasi tupu haikai tupu. Mtu hujaza, na mizani humngoja.

Kuna begi la pili ambalo wapiga mbizi wazoefu hawaliachi, nalo ni la bei ndogo kuliko yote: mfuko wa wavu. Huu haufai kwa ndege. Ni wa kwenye chombo. Vifaa vinavyotoka majini huingizwa humo, maji yakachuruzika, mchanga ukadondoka, na mfuko mzima ukatumbukizwa kwenye pipa la maji baridi bila kuufungua. Ukikunjwa, hukaa ndani ya kiatu. Nahodha wa mashua ndogo huupenda kwa sababu kila mzamiaji vitu vyake vinakaa pamoja chini ya benchi badala ya kutapakaa sitahani, ambako miwani hukanyagwa na mtungi unaoanguka. Uchaguliwe wenye kitako cha kitambaa kigumu, maana wavu mtupu hutoboka haraka pale unapokaa kwenye mbao.

Kinyume chake ni mfuko usiopitisha maji, ule wa turubai la PVC wenye mdomo unaoviringishwa. Mishono yake haishonwi kwa uzi bali huyeyushwa kwa joto, na mdomo ukiviringishwa angalau mara tatu kabla ya kufungwa huzuia mawimbi na mvua. Ni mahali pa simu, pasipoti, taulo na fulana kavu ya kurudia. Wengi huugeuza vibaya: jioni, wakiogopa kulowanisha gari, husokomeza ndani yake suti iliyolowa na kuufunga. Unyevu hauna pa kutokea. Katika joto la pwani, siku moja inatosha kuleta harufu, na siku mbili au tatu huleta ukungu kwenye mishono ya neoprini.

Bei za mabegi mapya yenye majina ya Cressi, Mares au Scubapro huwaumiza vijana wa Tanzania na Kenya wanaoingia katika kazi ya kuongoza wazamiaji, na hawalazimiki kuzilipa. Begi la michezo au la kijeshi kutoka mitumba ya Karume, Dar es Salaam, au Kongowea, Mombasa, hufanya kazi ileile mradi lichunguzwe vizuri. Zipu ifunguliwe na kufungwa mwanzo hadi mwisho, hasa kwenye kona. Vishikio vivutwe kwa nguvu huku mshono ukitazamwa kwa ndani. Kitambaa kikunjwe mbele ya mwanga: kikiwa kimepauka na kutoa unga mweupe kwa ndani, tabaka lake la kuzuia maji limekwisha oza, na kupauka kwa nje ni ishara kuwa jua limekwisha kula uzi. Fundi viatu anaweza kutoboa matundu manne kwenye kitako na kuyatia pete za shaba ili maji yatoke, akaongeza na mkanda. Begi hilo lina sifa nyingine. Halitangazi kwa herufi kubwa kwamba ndani yake kuna vifaa vya mamilioni ya shilingi. Utambi wa kitenge uliofungwa kwenye kishikio unatosha kumfanya mwenye nalo alitambue kwenye mkanda wa mizigo.

Upangaji hauna siri nyingi. Mapezi husimama pande mbili kama kuta, jaketi hulazwa chini likiwa limetiwa hewa kidogo, suti hukunjwa kwa mikunjo mipana, na katikati ya ulaini huo huwekwa vinavyovunjika. Miwani ikae kwenye kibweta chake kigumu. Khanga ya zamani hufunika vizuri kuliko karatasi, na huko mwisho wa safari ina kazi nyingine nyingi.

Regulata yenyewe ni afadhali isiingie begi kubwa. Ni kifaa cha uhai, na mipira yake haipendi kukunjwa kona kali. Ivingirishwe duara pana ndani ya mfuko wenye sponji na kupanda na mwenyewe kwenye kabati la ndege, pamoja na kompyuta na miwani. Mantiki ni ya kawaida tu. Begi likipotea, mapezi na jaketi hukodishwa popote, lakini miwani yenye lenzi za daktari haipatikani Kilindoni, na wachache hupenda kupumulia regulata wasiyoijua. Uzito wa mkononi huwa kilo 7 katika mashirika mengi, kwa hiyo regulata hiyo inakula zaidi ya robo ya nafasi hiyo. Kisu, hata kile kifupi cha kukatia mishipi, kiende kwenye begi la chini.

Betri zina sheria yake, na sheria hiyo husahaulika. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye begi la chini. Hubebwa mkononi, ncha zake zikiwa zimezibwa. Zisizozidi wati-saa 100 hupita bila ruhusa maalumu, na zilizo kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika. Tochi ya kuzamia ina hatari ya pekee, kwa kuwa imeundwa kupozwa na maji. Ikijiwasha ndani ya begi, haina cha kuipoza, na taa yenye nguvu inaweza kuchoma nguo zilizoizunguka. Betri itolewe, itengane na tochi, na shirika lijulishwe mapema.

Mgeni asipange kufungia vitu vyenye maji kwenye mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imezuia plastiki za kutumika mara moja katika maeneo yake ya hifadhi, zikiwamo hifadhi za bahari na fukwe zilizotengwa. Mifuko midogo ya turubai inayoviringishwa mdomo huchukua nafasi hiyo na hudumu miaka. Wala begi lisirudi na matumbawe. Matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe kati ya nchi, na kipande kilichookotwa kwa mapenzi kinaweza kumsimamisha mtu forodhani.

Siku ya mwisho ya safari ina bahati iliyojificha. Shirika la DAN, linaloshughulikia usalama wa wazamiaji, linashauri aliyezamia mara moja tu bila kuhitaji kusimama njiani kupunguza gesi mwilini asubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka. Aliyezamia mara nyingi au kwa siku kadhaa mfululizo asubiri angalau saa 18. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini inahitaji muda wa kutoka, na Cessna Caravan haina kabini yenye shinikizo, kwa hiyo safari fupi ya Mafia hadi Dar es Salaam nayo inahesabika. Saa hizo 18 ndizo za kukausha begi. Vifaa vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, kifuniko cha regulata kikiwa kimekazwa ili tone lisiingie kichwani mwake. Jaketi limiminwe maji ya ndani, lijazwe hewa na kutundikwa kivulini. Suti igeuzwe ndani nje. Neoprini iliyolowa huongeza kilo nzima au zaidi, na ndiyo inayowaangusha kwenye mizani ya kurudi watu waliopita salama wakati wa kwenda. Begi lenyewe lioshwe pia, likiwa limefunguliwa zipu zote, maana chumvi iliyobaki kwenye kona huvuta unyevu wa hewa na kuharibu kila kitakachowekwa juu yake.

Na likitokea kutofika? Safari nyingi za kimataifa zinazogusa Tanzania na Kenya zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, kikomo cha fidia ya mizigo kwa kila abiria ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha IMF, karibu dola 2,000 za Marekani. Vifaa kamili vya kuzamia vipya vinaweza kuzidi hapo kwa urahisi, na mwenye navyo anaweza kutamka thamani kubwa zaidi anapokabidhi begi na kulipa nyongeza, au kukata bima. Kilichoharibika kiripotiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokelewa. Kilichochelewa, ndani ya siku 21 tangu kilipokabidhiwa. Begi ambalo halijaonekana siku 21 baada ya tarehe lililopaswa kufika huhesabiwa limepotea. Taarifa ya kwanza huandikwa palepale ukumbini, kabla abiria hajatoka nje, na itakuwa na nguvu zaidi ikiambatana na picha za vifaa vilivyopangwa sakafuni kabla ya kufungwa, risiti, na namba za regulata na kompyuta zilizonakiliwa kwenye simu.